Uchovu wa MS: jinsi ya kupangilia siku yako

Wengi wenye MS (multiple sclerosis, ugonjwa wa neva za ubongo na uti wa mgongo) watakwambia kinachowatesa sana sio miguu kukosa nguvu, ni uchovu, na huu sio uvivu jamani, kinga ya mwili inashambulia utando unaofunika neva ndo maana hata kazi ndogo inakumaliza. Kwahiyo kazi nzito ifanye ile saa unajisikia freshi, alafu pumzika kabla hujaishiwa kabisa, usisubiri udondoke. Joto linazidisha dalili kwa muda, oga maji ya baridi kidogo. Mazoezi mepesi yanasaidia kweli. Sigara acha. Na kama huzuni haiishi au usiku unaamka amka kukojoa mwambie daktari, hayo yana matibabu na mara nyingi ndo yanayokunyima usingizi.