Mtoto asiyetulia: mzazi, anzia hapa

Nafundisha darasa la pili mjini Tanga. Mzazi akiniambia mwanawe ameshindikana, kwanza namsihi aweke fimbo chini. Huenda mtoto ana ADHD, yaani shida ya kukosa umakini na utulivu. Hiyo ni hali ya ubongo, na fimbo haiitibu.

Chukua daftari. Andika unayoyaona nyumbani, nami niandike ya darasani: anapoteza kalamu kila mara, anajibu kabla swali halijaisha, anasahau alichotumwa dukani. Wengine, hasa wasichana, hukaa kimya mawazo yakiwa mbali, na hao ndio tunaowapita bila kuwaona. Daktari atauliza kama dalili zimedumu angalau miezi 6, zilianza kabla ya miaka 12, na zipo nyumbani na shuleni pia. Mtoto apimwe masikio na macho. Asiyesikia vizuri naye huonekana hasikilizi.

Aliye chini ya miaka 6 kwa kawaida huanza na mafunzo kwa wazazi, si dawa. Mpe agizo moja tu, ukimtazama usoni, alirudie kwa maneno yake. Akimaliza, msifu papo hapo. Sifa ya jioni imeshachelewa. Darasani namkalisha mbele, mbali na dirisha, na akichoka kukaa namtuma afute ubao.

Kwa mkubwa zaidi, daktari anaweza kumwandikia methilifenideti, dawa ya kumsaidia kutulia na kuwa makini. Hupunguza hamu ya kula, kwa hiyo anywe uji mzito kabla ya dozi ya asubuhi, na apimwe uzito na urefu kila anaporudi kliniki. Usiongeze wala usipunguze dozi bila daktari.