Nyasi bandia zikiachana kwenye maungio, msisubiri masika

Majirani wa Njiro na Sakina hapa Arusha mliotandika nyasi bandia uani, kagueni maungio sasa, kabla mvua za Machi hazijaanza. Ukipitisha mkono ukaona pande mbili zimeachana, usimwage gundi kwa juu. Inagandisha nyuzi na doa halitoki tena. Kunja pande zote mbili nyuma, fagia vumbi lote, acha pakauke kabisa. Tandaza utepe wa kuungia chini, paka gundi ya nje isiyoharibiwa na maji, kisha rudisha pande zikutane bila kupandana, huku ukitoa nyuzi zilizonasa katikati. Weka matofali juu hadi kesho yake. Gundi ikipakwa kwenye unyevu haishiki, ndiyo maana nasisitiza kiangazi.

Kama kipande kimeungua kwa kaa la jiko (na nyama choma zetu hizi, hutokea sana), kata mraba kwa upande wa mgongo, uweke kiraka. Hakikisha nyuzi zinalalia upande uleule wa zile zinazokizunguka, la sivyo kiraka kitaonekana hata kutoka getini.

Vumbi la huku ni jingi, kwa hiyo fagia kila wiki kwa fagio gumu la plastiki, ukienda kinyume na nyuzi zilivyolala ili zisimame. Brashi ya waya hapana, inazikata. Mkojo wa mbwa mwagia maji mengi siku hiyohiyo.