Somo: Lotisma (udongo wenye kukatwa biparseli vya kujenga) inajengwa pa mulima juu yenu? Namna ya kuifuatilia mbele mvula ianze

Jambo bandugu na bamama. Sisi batu ba Bukavu hii mambo tunaijua: leo munaona bijana na majembe pale juu, kesho mulima umekatwa kama ngazi na biparseli biko binauzishwa, na mvula ya mwezi wa kenda ikianza ule udongo mwekundu unashuka mpaka mu jikoni ya jirani. Mimi niko mukaaji wa Kadutu, nilishafuatilia shanti moja (pahali pa kujenga) juu ya avenyi yetu, nikapoteza miezi mingi ju nilikuwa napiga hodi pa mulango wenye haukuwa wa ile mambo. Njo maana naandika.

Hatua ya 1: tofautisha makaratasi. Hapa njo batu bengi banashindwa. Unauliza mwenye shanti ruhusa iko wapi, anakuonyesha sertifika ya anrejistrema (karatasi ya udongo), unaogopa kashe (muhuri), unarudi nyumbani. Usirudi! Kwa sheria ya udongo ya Kongo ya tarehe 20/7/1973 udongo ni ya Leta (Serikali), raiya anapewa haki ya kuutumia tu, na sertifika inaonyesha hiyo haki iko kwa nani. Haisemi ajenge namna gani. Hiyo inasemwa na permi ya kujenga, na permi ni mambo ya Urbanisme (ofisi ya mipango ya muji), haiko ya Kadastre (ofisi ya kupima biparseli). Kwa hiyo ulizeni sertifika ao kontra, kisha permi, kisha plan yenye kuonyesha barabara na kanivo (mufereji wa maji). Akiwa na ya kwanza tu, bado hana ruhusa hata kama masini imeshafika.

Hatua ya 2: pandeni muangalie mulima wenyewe, batu batatu ao bane, si peke yako. Kamata fito ya metre 1, ilaze sawasawa (chupa ya maji nusu juu yake itakuonyesha kama imelala vizuri), ncha moja iguse mulima, kisha pima kutoka ncha ingine mpaka chini. Ukipata sentimetre 30, mutelemuko ni 30 kwa mia. Andika. Piga picha za nyufa, miti yenye kuinama, chemchemi yenye haikuwako. Udongo wetu hapa mingi ni mawe ya volkano ya zamani yenye yalioza, ukinywa maji unakuwa muzito na unateleza, batu ba kartie ya Funu banajua vile mulima unatembea polepole na nyumba inapasuka hata bila mvula kubwa.

Na maji, bandugu, maji njo mambo yote. Pale kulikuwa majani, mvula ilikuwa inaingia mu udongo, sasa weka pale manjanja (mabati). Nyumba moja ya metre 10 kwa 8, mvula ya milimetre 50, ni litre 4000 zinashuka kwa paa. Nyumba 40 ni litre 160000, mu masaa kidogo, na bado hujahesabu barabara na fose za choo zenye zinalowesha mulima kila siku hata wakati wa jua. Ulizeni: hii maji inaenda wapi? Bakijibu "mu kanivo", fuateni ile kanivo na miguu mpaka mwisho. Ya kwetu ilikuwa inaishia mu ravini (korongo), na chini ya ravini kuko nyumba zenye batoto.

Hatua ya 3: barua, page moja tu. Kopi kwa shefu wa kartie, kwa bugumestre (mukubwa wa komine), kwa Urbanisme, kwa Environnement (ofisi ya mazingira), na kila pahali bakupigie kashe na tarehe kwa kopi yako, bila ile kashe hujaandika kitu. Sheria ya tarehe 9/7/2011 ya mazingira inataka projé yenye inaweza kuharibu mazingira ifanyiwe etidi (uchunguzi) mbele, na raiya bahojiwe. Ulizeni etidi iko wapi na nani wa avenyi yenu alihojiwa. Musiandike "tunakataa" tu, ombeni kitu chenye kuonekana: kazi isimame mpaka kanivo ifike mutoni.

MASWALI

Mama wa Cimpunda: Ndugu, sisi hatuna sertifika, tuko na karatasi ya shefu wa kartie tu. Tukiandika barua, hawatatugeuzia hii mambo sisi wenyewe?

Jibu: Mama, ile woga naielewa. Andikeni kama bakaaji benye hatari iko inabakuta, si kama benye parseli, na musaini wengi, mutu moja asibebe jina lake peke yake.

Kijana wa Panzi: Mwenye shanti anasema atajenga ukuta wa mawe, inatosha?

Jibu: Angalia kama iko na matundu ya kutoa maji na kokoto nyuma yake. Ukuta umezibwa kabisa unasukumwa na maji, siku unaanguka unashuka na mawe yake yote.

Papa wa Nyamugo: Kwangu ufa ulishaonekana kwa ukuta wa chumba, na mvula inanyesha.

Jibu: Papa, chora mustari na kalamu pa mwisho wa ufa, andika tarehe na saa. Ukipita ule mustari, ao mulango ukianza kukataa kufunga, toeni batoto usiku huo huo mulale kwa ndugu. Barua tutaandika kesho, niko tayari kukuya tuandike pamoja.