Kalcha ya damu: masaa yanapotelea wapi na jinsi ya kuyaokoa

Watu wa maabara na manesi wa huku nyanda za juu, tusidanganyane, kwenye kalcha ya damu (kuotesha damu ya mgonjwa kwenye chupa kuona kama ina bakteria) mashine ya kusoma chupa inasaidia kweli ila muda mwingi unapotelea wodini na njiani, kwahiyo tuanzie huko.

Damu ichukuliwe KABLA ya seftriaksoni (antibiotiki ya sindano), sio mgonjwa kashachomwa dozi 2 ndo mnakumbuka chupa. Futa ngozi kwa spiriti ya 70% au klorheksidini uache ikauke yenyewe (wengine wanapuliza na mdomo kabisa, jamani!), futa na kizibo cha chupa. Mtu mzima weka ml 8 mpaka 10 kila chupa, na utoe mikono yote miwili, maana bakteria kwenye damu wanaweza kuwa wachache mno, hata mmoja kwa ml, sasa ukiweka ml 3 unategemea bahati. Halafu stafilokokasi wa ngozi akiota upande mmoja tu, mara nyingi ni uchafu.

Chupa haiwekwi kwenye friji. Ifike maabara ndani ya masaa 2 iingie inkubeta (kabati la joto la kuoteshea), na kwa baridi ya Julai ya Makete au Uyole meza ya wodi nayo ni friji tu, usiiache hapo mpaka zamu ibadilike.

Mashine kama BACTEC inasoma chupa kila dakika 10, na zenye bakteria wa kweli nyingi zinalia (mashine inapiga alamu kwamba kuna kitu kimeota) ndani ya masaa 48. Ikilia saa 8 usiku, Gram (rangi ya kuonea bakteria kwenye hadubini) ipigwe saa 8 usiku. Hamna mashine? Angalia chupa asubuhi na jioni kama kuna ukungu, mapovu au damu imeyeyuka, na hata kama imetulia, ikishalala usiku mmoja toa tone uoteshe kwenye sahani.

Gram ikitoka piga simu kwa dokta, usiandike rejista ukasubiri mtu aje kufuata karatasi. "Vijiti, Gram negativu" tu inatosha kumfanya abadili dawa.

Wenye mashine mnaweza kufanya na RAST ya EUCAST, yaani kipimo cha haraka cha kuona dawa gani inaua bakteria, cha kamati ya Ulaya ya vipimo hivyo: maikrolita 125 kutoka chupa iliyolia, bila kuzimua, tandaza kwenye sahani ya Mueller-Hinton, weka diski za dawa (vikaratasi vyenye antibiotiki), soma masaa 4, 6 na 8. Saa la 4 mpaka wa duara (sehemu isiyoota bakteria kuzunguka diski) haueleweki? Rudisha inkubeta, usikisie. Tumieni jedwali la RAST lenyewe la kutafsiri vipimo vya duara, lile la kawaida litawadanganya, na kila bakteria ana namba zake kwahiyo andika vipimo vya duara ila majibu toa ukishajua ni E. coli, Klebsiella au nani.