Kufuta chati zote za Excel kwa makro moja, bila kugusa nembo wala takwimu

Ripoti ya mwezi ikitengenezwa kwa kunakili shiti ya mwezi uliopita, chati nazo hunakiliwa. Mwaka ukiisha, faili la SACCOS lenye shiti 12 limejaa chati zisizotazamwa na mtu, na kulifungua ni kazi. Nilikaa na mweka hazina mmoja tukasafisha faili la aina hiyo, na njia tuliyofuata ni hii.

Kwanza weka nakala ya faili pembeni. Makro (msimbo mfupi unaoifanyisha Excel kazi yenyewe) ikishafuta, Ctrl+Z haikurudishii kitu.

1. Bandika msimbo

Alt+F11, kisha Insert, kisha Module (faili la kuuweka msimbo nimelieleza kwenye hatua ya 4):

```
Sub FutaChati()
    Dim shiti As Worksheet
    Dim i As Long
    For Each shiti In ActiveWorkbook.Worksheets
        For i = shiti.ChartObjects.Count To 1 Step -1
            shiti.ChartObjects(i).Delete
        Next i
    Next shiti
End Sub
```

Wapo wanaopenda njia ya mkato: Ctrl+G, Special, Objects, halafu Delete. Mimi siikubali. Inakamata kila kitu kilichoelea juu ya seli, nembo ya chama na vitufe vikiwemo, tena kwenye shiti moja tu uliyoifungua. `ChartObjects` hugusa chati peke yake.

2. Kwa nini tunahesabu kurudi nyuma

Hapa ndipo jioni yetu ilipoishia, kwa hiyo soma taratibu. Msimbo tuliourithi ulikuwa unahesabu kwenda mbele, kuanzia 1 hadi idadi ya chati. Ukiutazama hauna kasoro, lakini ukiuendesha unaacha chati nusu na kusimama na kosa 1004.

Chukua shiti yenye chati sita: A, B, C, D, E, F. Makro inafuta ya kwanza, yaani A. Papo hapo Excel inazipa zilizobaki namba upya, na B inakuwa ndiyo ya 1. Makro haina habari. Inasonga hadi namba 2, ambayo sasa ni C, inaifuta. Zimebaki B, D, E, F. Namba 3 ni E, nayo inaondoka. Ikifika namba 4, zimebaki tatu tu, B, D na F, na hapo inakwama, kwa sababu kikomo cha 6 kilishawekwa kabla kitanzi (marudio ya `For`) hakijaanza.

Ukiendesha tena zinapungua, ukiendesha mara nyingine zinapungua zaidi, na kwa hiyo mtu huamini tatizo ni kompyuta nzito. Ukianzia mwisho, kufuta F hakubadilishi namba ya A wala ya B. `Step -1` ndiyo dawa, usiiondoe.

Na tafadhali usizibe kosa kwa `On Error Resume Next`. Mstari huo hunyamazisha kila kitu, hata shiti iliyofungwa kwa nenosiri, ukabaki unaamini faili ni safi kumbe miezi kadhaa haijaguswa. Shiti ikiwa imefungwa, ifungue kwanza kwenye Review, Unprotect Sheet, ndipo uendeshe makro.

Usishangae pia makro ikifuta chati nyingi kuliko unazoziona. Chati iliyowekwa ibadilike ukubwa pamoja na seli, ukifuta safu mlalo zilizo chini yake, husinyaa hadi kimo cha sifuri. Haionekani, kuibofya ni shida, ila imo na inaongeza uzito wa faili.

3. Kubakiza chati unazozihitaji

Alt+F10 hufungua orodha ya vitu vyote vya shiti. Bofya jina la chati mara mbili, ulianzishe na BAKI_, mfano BAKI_Mikopo. Kisha mstari wa kufuta uwe hivi:

```
If Left(shiti.ChartObjects(i).Name, 5) <> "BAKI_" Then
    shiti.ChartObjects(i).Delete
End If
```

Herufi kubwa ni lazima, "baki_" itafutwa.

4. Pa kuiweka makro

Ukihifadhi faili kama .xlsx, makro inapotea. Wengi hukimbilia .xlsm, aina ya faili inayohifadhi makro, lakini ripoti ya kutumiwa wanachama kwa barua pepe haifai kuwa na makro ndani. Excel ya mpokeaji itamtolea maonyo bure. Mimi naiweka kwenye PERSONAL.XLSB, inayofunguka yenyewe kila Excel inapowashwa. Kama huna, rekodi makro yoyote ya majaribio na uchague Personal Macro Workbook, faili litaundwa.

Ndiyo maana msimbo unasema `ActiveWorkbook`. Ukiandika `ThisWorkbook`, makro itatafuta chati ndani ya PERSONAL.XLSB yenyewe, haitakuta kitu, na itamaliza kimya.

5. Endesha

Fungua ripoti, Alt+F8, chagua FutaChati, Run.

Chati iliyojaza shiti nzima peke yake haiguswi na makro hii. Bofya kichupo chake kwa kitufe cha kulia, uifute kwa mkono. Kuhakiki, rudi Alt+F11, bonyeza Ctrl+G, andika `?ActiveSheet.ChartObjects.Count` kisha Enter. Kama hukubakiza chati, jibu liwe 0. Rudia kwa kila shiti.