Kula Lamu kwa Saa Zake: Mwongozo kwa Mgeni wa Mji wa Kale

Mgeni anayeshuka gatini Lamu akiwa na njaa huuliza swali moja tu: wapi pana chakula kizuri? Swali hilo si baya, ila katika mji huu halitoshi, kwa kuwa jibu lake hubadilika mara nne au tano kwa siku. Mahali palipojaa watu wakati wa mahamri huwa pamefungwa adhuhuri. Kona iliyokuwa tupu mchana kutwa hufuka moshi wa mishkaki baada ya Magharibi, na biryani iliyokuwa tamu saa 7 mchana huwa, ikifika saa 2 usiku, ni wali uliopashwa moto. Kwa sababu hiyo sitakupa orodha ndefu ya majina ya hoteli. Hoteli za hapa hubadilisha wamiliki, huhama, au mpishi wake huchukuliwa na tajiri mwingine, na jina likabaki ukutani lile lile. Litakalokufaa zaidi ni kujua kila chakula kina saa gani, na saa hiyo ikifika usimame wapi.

Tuanze na neno lenyewe. Hoteli, kwa mazungumzo ya Lamu kama ya kwingineko pwani, ni nyumba ya chakula. Pa kulala huitwa gesti. Mji wa Kale una njia mbili ndefu zinazokwenda sambamba: ya ufuoni, inayotazama mashua na kisiwa cha Manda, na ya ndani, ambayo wenyeji huiita Usita wa Mui, yaani njia ya mji. Hoteli za ufuoni zina upepo na mandhari, na mgeni hulipia vyote viwili. Za ndani, hasa ukielekea Langoni upande wa kusini, ni finyu na zina joto, lakini humo ndimo wanamokula mafundi, mabaharia na wachukuzi, watu ambao hawana fedha za kupoteza kwa chakula kibaya. Katikati ya mji pana Mkunguni, uwanja ulio mbele ya Ngome iliyojengwa kati ya mwaka 1813 na 1821, na soko liko ubavuni mwa Ngome hiyo. Ukipotea katika vichochoro, fuata mteremko, utatokea baharini.

Asubuhi haina maneno mengi. Mahamri huanza kutoka kwenye mafuta mapema, na wenzi wake ni mbaazi za nazi na chai ya maziwa au ya rangi yenye tangawizi. Vitumbua na mkate wa sinia hupatikana pia, mara nyingi kwa akina mama wanaouza mlangoni au kwa watoto wanaotembeza kwa ndoo zilizofunikwa kitambaa. Ukichelewa hadi saa 4 utakuta mbaazi za chini ya sufuria, ambazo wengine huzipenda kwa uzito wake, nami ni mmoja wao, lakini mahamri yatakuwa yamepoa na kunywea.

Asubuhi hiyo hiyo, kabla ya kufikiria chakula cha mchana, pitia soko la samaki hata kama hununui kitu. Hapo ndipo utakapojua la kuagiza baadaye, kwa kuwa ubao wa hoteli husema samaki wote wako, na bahari husema vingine. Pepo mbili huendesha jambo hili. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Novemba hadi Machi, bahari ikatulia na wavuvi wakatoka nje ya miamba kufuata nguru, jodari na kolekole. Kusi huingia kuanzia Aprili na kukaza katikati ya mwaka, mawimbi yakawa makubwa, na wengi wenye vyombo vidogo wakabaki ndani ya mikondo kuvua changu, tasi na tewa. Anayeagiza nguru mwezi Julai huenda akaletewa aliyelala kwenye barafu siku kadhaa. Bora amwulize mhudumu ni samaki gani aliyeingia leo, na akijibiwa kwamba wote wameingia leo, aombe kumwona. Macho yawe angavu yasiyozama, mashavu yawe mekundu, na nyama ikibonyezwa kwa kidole irejee. Hakuna mwenye hoteli mwaminifu atakayekasirika kwa ombi hilo, na aliyekasirika amekwisha kukujibu.

Pweza naye ana kalenda yake, na kalenda hiyo ni mwezi. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mchanga, maji hukupwa mbali sana, miamba ikawa wazi, na wanaovua pweza kwa miguu hupata wengi. Wakati wa maji mafu huwa adimu. Kwa hiyo pweza wa nazi mwulizie siku mbili tatu za bamvua, naye awe amepondwa vizuri na kuchemshwa taratibu kabla ya kutiwa tui. Akipikwa kwa haraka hutafunika kama kandambili. Kaa hutoka katika mikoko, na Lamu ndiyo yenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, basi hapungui sana. Shida ya kaa ni muda. Mwaka wa kwanza nilipofika nilimwagiza saa 3 usiku katika hoteli moja ya ufuoni, nikaketi zaidi ya saa moja na nusu, na alipokuja mezani mpishi alikuwa amekwisha kwenda kwake na hapakuwa na mtu wa kuniletea cha kuvunjia magamba. Nilitumia jiwe la kuzuia mlango. Tangu hapo kaa na kamba wakubwa wa miamba huwaagiza asubuhi kwa ajili ya usiku, nikakubaliana bei kwa uzito na kutaja namna ya kupikwa, na sijajuta.

Chakula cha mchana huanza baada ya sala ya Adhuhuri. Kabla ya hapo sufuria hazijafunuliwa, na wakati wa sala yenyewe hoteli nyingi hurudisha mlango, basi usigonge. Agiza wali wa nazi na samaki wa kupaka ukitaka kumjua mpishi. Samaki huchomwa kwanza juu ya makaa, kisha hupakwa rojo la tui zito lililotiwa manjano, kitunguu saumu, pilipili na ukwaju au ndimu, akarudishwa motoni mpaka rojo ligande juu yake. Mpishi mvivu humkaanga samaki na kumwagia mchuzi wa manjano. Ukiona mchuzi unaelea na ngozi ya samaki haina harufu ya moshi, umeuziwa jina tu. Ijumaa ni siku ya biryani na pilau, na ni siku ambayo hata hoteli za kawaida hujitahidi. Fika mara tu watu watokapo msikitini, kwa kuwa ikifika saa 9 hubaki mifupa. Kachumbari, achari ya embe na pilipili ya kusaga huja bila kuombwa, na ndizi moja mbivu kando ya biryani si kitindamlo. Huliwa pamoja na wali.

Alasiri tumbo lipumzike. Ni saa ya sharubati ya ukwaju, ya embe au ya mabungo kwa msimu wake, na dafu likatwe mbele yako. Mchana wa kaskazi, maembe yakiwa tele, ulizia ngowe, embe refu lisilo na nyuzi nyingi, ulile ukiwa umesimama karibu na bomba la maji.

Jioni ndiyo saa ya Lamu, na hapa sina haraka. Baada ya Magharibi wauzaji hupanga majiko na meza zao Mkunguni, kando ya njia ya ufuoni na kwenye njia panda za mitaani. Mla mwenye busara hali mahali pamoja, hutembea. Anza na viazi karai, viazi vilivyochovywa katika unga wa manjano na kukaangwa, vitiwe chatne ya ukwaju na usivile bila hiyo chatne. Songa mbele kwa bajia na katlesi. Kisha tafuta mishkaki ya nyama ya ng'ombe, nayo uichague kwa kutazama jiko: mwenye makaa mekundu yasiyo na ndimi za moto anajua kazi, na mwenye kuwasha moto mkubwa ili amhudumie mgeni haraka atakupa nyama iliyoungua nje na mbichi ndani. Palipo na mkate wa nyama, subiri hata kama foleni ni ndefu. Unga huandaliwa mwembamba sana, hujazwa nyama ya kusaga, kitunguu na yai, hukunjwa kama bahasha na kukaangwa juu ya chuma pana mbele ya macho yako, na ubora wake wote uko katika zile dakika chache za kwanza. Ukiuchukua kwenda kuula gesti utakuwa umelainika, na lawama zitakuwa zako.

Palipo na mkate wa mofa, ule wa unga wa mtama unaobandikwa katika tanuri la udongo, nunua kabla hujajua utaula na nini. Hufaa kwa supu, kwa mchuzi wa samaki na kwa papa mkavu wa nazi. Mwisho wa mzunguko huo ni kahawa tungu inayomiminwa kutoka kwenye dele la shaba katika vikombe vidogo, pamoja na tende au kipande cha halua. Kunywa ukiwa umeketi barazani na wengine, usalimie kwanza, na usimtake muuzaji akutie sukari.

Usafi wa chakula cha njiani huwapa wageni hofu, na hofu hiyo ina dawa rahisi: kula kilichotoka motoni sasa hivi, epuka kachumbari iliyokatwa tangu alasiri, na kunywa maji ya chupa. Beba noti ndogo ndogo, kwani wengi hupokea M-Pesa lakini mama wa bajia hataki kukutafutia chenji ya noti ya 1,000. Tangu Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini, kwa hiyo chukua kikapu chako. Vinginevyo utabeba viazi katika karatasi inayovuja mafuta hadi kwenye kanzu.

Yote hayo ni chakula cha nje, na mwenyeji yeyote atakuambia kwamba chakula cha Lamu chenyewe kimo majumbani. Njia ya kukifikia ipo. Mwambie mwangalizi wa gesti yako asubuhi kwamba ungependa kuagiza chakula kwa mama anayepika. Mara nyingi ni shangazi yake au jirani, na jioni sinia italetwa au utaalikwa. Taja idadi ya watu, taja usichokula, ulizia bei mapema kwa heshima na ulipe sehemu mbele, kwa kuwa nazi na samaki hununuliwa kwa fedha taslimu. Ukialikwa, piga hodi na ungoje dakani, yaani kwenye kibaraza cha mlangoni, vua viatu, nawa mikono, kula kwa mkono wa kulia, na katika sinia ya pamoja kula upande ulio mbele yako. Wanaume na wanawake huenda wakatengewa vyumba tofauti. Usishangae, na usimfuate mpishi jikoni kumpa hongera. Mtumie salamu kupitia aliyekukaribisha.

Shela ni jambo jingine. Kijiji hicho kiko umbali wa kilomita tatu hivi, mwendo wa dakika arubaini kwa miguu kando ya bahari maji yakiwa yamekupwa, au safari fupi ya boti. Huko kuna Peponi, iliyofunguliwa mwaka 1967, na hoteli nyingine za wageni ambako utapata nguo nyeupe mezani, bei ya juu na pombe, ambayo katika Mji wa Kale huitarajii mezani. Kwa maoni yangu Shela ni pa kwenda mara moja, mchana, kwa ajili ya kamba na upepo. Lakini piga simu kwanza, kwani baadhi ya hoteli hizo hufunga milango wakati wa masika.

Manahodha watakufuata ufuoni na kukuahidi samaki wa kuchoma kisiwani Manda. Safari hizo ni nzuri iwapo maswali yameulizwa kabla ya tanga kupandishwa: nani ananunua samaki endapo ndoana zitarudi tupu, wali na matunda vimo katika bei au la, na maji yatajaa saa ngapi. Hili la mwisho si dogo. Magofu ya Takwa, kwa mfano, hufikiwa kwa mkondo wa mikoko ambao hupitika maji yakijaa tu, na kundi lililochelewa hula chakula chake cha mchana jioni, likiwa limekaa matopeni.

Ukija Ramadhani, saa zote nilizozitaja hugeuka. Mchana hoteli hufungwa, na asiyefunga hula chumbani kwake bila kujionyesha. Magharibi mji hufunguka kwa tende, uji, sambusa, kaimati na tambi, na baada ya tarawehe vibanda hukesha mpaka karibu na daku. Mwezi wa Mfungo Sita, wakati wa Maulidi ya Riyadha, wageni hujaa hata gesti zikakosa nafasi. Wakati huo agiza kila kitu siku moja kabla, hata mahamri.

Halua na achari za kupeleka nyumbani zinunue jioni ya mwisho, si asubuhi ya safari. Maduka hayajafunguliwa saa ambayo boti za Mokowe, gati la bara, na za Manda, kwenye uwanja wa ndege, huanza kuita abiria, ilhali mama wa mahamri huwa amekwisha kuwasha jiko.