Kibao cha zamani: anza na A nne za BARABARA

Watu huniletea picha ya kibao cha mtaani wakiuliza, "Fundi, hii fonti gani?" Mimi huuliza kwanza kiliandikwa kwa kifaa gani. Hapa Tanga, ninakoandikia vibao, vingi havina fonti, yaani herufi za kuchapa zenye muundo mmoja. Vina mkono wa mtu.

Bahati yetu mitaa ya Ngamiani huitwa kwa namba, kwa hiyo neno BARABARA hulikosi. Lina A nne, B mbili, R mbili. Zilinganishe. A zikitofautiana, ya mwisho imebanwa kwa kuwa nafasi ilikuwa inakwisha, hiyo ni brashi. Sogea karibu: kwenye tumbo la B utaona rangi imepandana pale fundi alipoinua brashi na kuirudisha. Pengine hata mstari wa penseli bado upo chini.

Zikifanana zote, angalia matumbo ya A, B na R. Yakishikizwa na vijidaraja ambapo rangi imekatika, ni stensili, yaani bati au karatasi iliyotobolewa herufi na kupakwa rangi juu yake. Kingo zikiwa kali na pembe zimeanza kubanduka, ni stika ya mashine, na kupauka kusikudanganye. Jua letu halina subira na stika.

Kibao cha mbao kilichofifia kinyunyizie maji kidogo, au kimulike kwa tochi ukiilaza ubavuni. Herufi hujitokeza. Usikisugue!

Herufi zilizoinuka ukizipapasa zilimiminwa kwenye kalibu. Bati la enameli hung'aa kama sahani, na likibanduka huacha duara la kutu. Hivi viwili ndivyo vya kutafutia jina la mtindo. Gill Sans ya Eric Gill, iliyotoka Uingereza mwaka 1928, ina namba 1 ambayo ni fimbo tupu, na katikati ya M hushuka hadi nusu tu. Transport ya Jock Kinneir na Margaret Calvert, ya alama za barabarani za Uingereza, utaijua kwa herufi ndogo l, ile ya "lori", iliyopinda mkia.

Ukikuta ß, kama kwenye Straße, ni Kijerumani, nao Waingereza waliitwaa Tanga mwaka 1916, hivyo huenda kibao ni cha kabla ya hapo. Kabla hujatoa hela, tazama skrubu. Za nyota, zenye mfereji wa msalaba kichwani, zilianza kuenea miaka ya 1930. Ukiziona kwenye kibao cha Kijerumani, kimetundikwa upya, au kimetengenezwa juzi kwa ajili ya watalii.